TV inchi 65 au 75 kwa sebule ya Dodoma? Nisaidieni kabla sijatoa hela

MhamiajiNzuguni:

Mbukwenyi wakuu.

Nina mwaka wa pili Dodoma. Nilikuja kikazi peke yangu nikapanga chumba na sebule Chang'ombe, familia ikabaki Dar. Sasa Mungu mkubwa, kibanda changu cha Nzuguni kimefika mahali pa kulala, mama watoto na vijana wanakuja shule zikifungwa, na sharti la kwanza nililopewa kwenye simu sio geti wala simtanki, ni TV. Hii niliyonayo ni inchi 32, niliinunua enzi zile tunaachana na TV za chogo, nikiitundika kwenye ukuta wa sebule mpya inaonekana kama kalenda ya duka la dawa.

Bajeti yangu ni milioni 1.8, nikijikaza sana milioni 2 na hapo braketi na fundi viwe ndani yake. Jumamosi nimezunguka maduka ya mjini karibu matano, nimetoka kichwa kinagonga. Huyu anasema QLED, yule OLED, mwingine Mini LED, wa mwisho kaniambia "mzee chukua 75 hutajuta, hii bei ni ya leo tu", nikarudi kesho yake kupeleleza bei ni ile ile.

Sebule yangu kutoka ukuta wa TV mpaka mgongo wa kochi ni hatua nne kubwa. Ukuta wa upande wa pili, nyuma ya kochi, una dirisha kubwa la aluminiamu linatazama magharibi, na nyie mnalijua jua la huku. Tunachoangalia ni mpira (ligi yetu na za Ulaya), taarifa ya habari, mama ana tamthilia zake zilizotafsiriwa, watoto katuni. King'amuzi ni kimoja, intaneti ni bando la simu tu kwa sasa. Na nisiwafiche, nina AFCON ya 2027 kichwani, ni ya kwetu sisi na Kenya na Uganda, sitaki kwenda kuiangalia banda umiza mtu mzima na nyumba yangu.

Swali langu: 65 au 75? Na hizi herufi zote za kwenye boksi zina maana yoyote kwa mtu kama mimi au ni kupigana changa la macho?

KambiYaZabibu:

Naweka kambi hapa maana nina mpango huo huo ila bajeti yangu ni nusu ya yako mkuu. Wataalamu wakija wasitusahau na sisi wa inchi 43.

FundiMakole:

Karibu Dodoma mkuu. Mimi kazi yangu ndio hizo hizo, nafungua TV za watu mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo nitaongea kama mtu anayeziona zikiwa zimeshakufa.

Achana na hatua nne. Wewe hauangalii TV kwa kisogo, na mgongo wa kochi sio mahali macho yalipo. Chukua futi kamba, mtu mmoja akae kama anavyokaaga siku zote, umepima kutoka machoni mpaka pale kioo kitakapokuwa, ndio uje na namba hapa. Inchi za TV zinapimwa kona kwa kona, kwa mshazari. 65 ni sentimita 165 hivi, upana wake ni sentimita 144 na kimo 81. 75 upana wake ni 166 na kimo 93. Nasema hivyo kwa sababu nimeshaitwa kwa mtu kafika na TV nyumbani, shokesi ya fundi seremala imeacha nafasi ya mita moja na nusu, ikabidi wakate mbao usiku.

Sasa zidisha ule mshazari kwa 1.6, unapata umbali mzuri kwa mtu wa mpira na taarifa ya habari. 65 inakuja kama mita 2.6, 75 inakuja mita 3. Wale wa muvi wanaotaka picha iwajae machoni wanazidisha kwa 1.2, wanasogea karibu zaidi. Hiyo ni hesabu ya kuanzia, sio msahafu.

Lakini kuna kitu dukani hawatakwambia. Ile picha ya samaki na maua inayokutoa udenda ni video ya 4K iliyowekwa kwenye flashi, na TV yenyewe ipo kwenye hali ya dukani, mwanga umefunguliwa mpaka mwisho. Wewe nyumbani unaenda kuchomeka king'amuzi ambacho kwenye HD kinatoa nukta 1920 kwa 1080, ndio hiyo Ful HD, na chaneli kibao bado zinarushwa chini ya hapo. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya Ful HD, kwa hiyo TV inalazimika kubuni nukta zilizobaki yenyewe. TV yenye prosesa nzuri inabuni vizuri, ya kubahatisha inabuni uji. Na ukikaa mita tatu kutoka kwenye 65 macho ya kawaida hayatofautishi sana 4K na Ful HD, kwa hiyo usimlipe mtu hela ya ziada kwa ajili ya neno 4K, siku hizi kwa ukubwa huo karibu zote ni 4K. 8K ndio kabisa, achia wenye hela za kuchezea.

Kwa kifupi kwa milioni 2 swali lako sio 65 au 75. Swali ni 65 nzuri au 75 ya ile ile bei. Na kwa bei hiyo 75 nyingi zimebana kwenye taa za nyuma na kwenye spika, mahali ambapo mnunuzi haangalii.

BabaPachaIlazo:

Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye 75 napinga. Mimi nilinunua 55 nikijidai naheshimu hesabu, miezi mitatu tu nikaiona ndogo, nikampelekea mama kijijini nikachukua 75. Hakuna mtu namjua aliyelia kwamba TV yake ni kubwa mno, wanaolia wote wanalia ndogo. Jicho linazoea haraka sana aisee. Wiki ya kwanza unaona kama umeingia sinema, wiki ya nne unaona kawaida.

Kwenye chaneli mbovu ni kweli inaonekana mbovu zaidi, sikatai. Siku moja taarifa ya habari ya chaneli fulani msomaji alionekana kama amemwagiwa maziwa. Ila mpira wa HD mzee utauona mpaka jasho la refa.

FundiMakole:

@BabaPachaIlazo haya, na hiyo 75 yako ulichukua kwa shilingi ngapi?

BabaPachaIlazo:

Milioni 2.9 😂

FundiMakole:

Asante. Sina swali la ziada.

MamaWawiliKisasa:

Jamani mmekomalia inchi, kaka ameandika dirisha la magharibi na hamna hata mmoja aliyeliona. Kaka yangu hiyo ndio shida yako namba moja, mimi ninayo hapa Kisasa.

Mechi za ligi yetu nyingi zinaanza saa kumi jioni. Saa kumi jioni Dodoma jua linakuwa limeshuka, linaingia dirishani moja kwa moja na kwa mpango wako linapita juu ya kochi linatua kwenye kioo. Mimi nilikuwa naangalia mpira huku najiona mwenyewe nimekaa na kikombe cha chai, na nyuma yangu nawaona kuku wa jirani wanapita uani. Rangi zote zinapauka. Nikabadilisha mipangilio ya TV nikachoka, mwisho wa siku nilichofanya ni kuihamishia TV ukuta wa pembeni ili mwanga uje kwa ubavu, na nikashona pazia zito lenye bitana. Pazia lilinigharimu kuliko nilivyotarajia ila limefanya kazi ambayo TV ya milioni tatu isingeifanya. Kama ukuta wa pembeni haufai, basi tafuta TV yenye mwanga mkali na kioo ambacho hakiakisi sana, na uende kuiangalia dukani ukiwa umeigeuzia mlango wazi mchana, sio kule ndani kwenye giza lao.

Kitu kingine ni umeme. 65 ya kawaida inakula kama wati 150, angalia kibandiko cha nyuma ujiridhishe. Kwa masaa sita kwa siku ni uniti 0.9, mwezi unaisha na uniti 27. Watoto wakiwa likizo na katuni kutwa nzima masaa kumi, hiyo ni 45. Kama upo kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi ambalo elfu moja inakupa uniti nane na kidogo, jumlisha friji na pasi uone. Ukizidisha na kuhamishwa kundi elfu moja hiyo hiyo inakupa uniti 2.8. Mume wangu alifikiri luku imeharibika kumbe ni sisi tumeharibika.

Na mkitundika msitundike juu kama picha ya ofisini. Mtu akikaa kwenye kochi katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho yake, mita moja na sentimita chache kutoka sakafuni. Shemeji yangu ameweka ya kwake juu ya mlango kabisa, tukitoka kwake tunakandana shingo.

KambiYaZabibu:

"Luku imeharibika kumbe ni sisi tumeharibika" dada umeniua 😂😂

ChinjaBei:

Mnazunguka mbuyu. Mkuu panda basi nenda Kariakoo, TV ile ile unayouziwa hapa unaipata kwa laki mbili mpaka tatu pungufu. Unaipakia kwenye buti unarudi nayo. Kilomita 450 tu hizo, leo unaenda kesho jioni upo zako Nzuguni.

KisimaChaKizota:

@ChinjaBei nilifuata ushauri kama huu wako, sitaki hata kukumbuka.

Niliinunua Dar, mpya, boksi halijafunguliwa. Pale stendi nikamsisitizia kijana wa mizigo "hii isimame, isilale", akasema sawa bosi nikampa na hela ya soda. Kufika Nanenane usiku buti linafunguliwa, TV imelala chali, juu yake gunia la nazi na ndoo mbili za rangi. Boksi halina hata mkwaruzo, nikajipa moyo. Nyumbani nimeichomeka, sauti inatoka safi kabisa, picha ni utando wa buibui kuanzia kona ya chini kulia na nusu nzima ni weusi. Nikarudi kwa wa basi wakanionyesha nyuma ya tiketi pameandikwa vitu vya kuvunjika ni kwa hasara ya mwenyewe. Dukani wakaniambia waranti ya mwaka haihusu kioo kilichopasuka. Fundi akaniambia kioo kipya kinakaribia bei ya TV nyingine.

Ile laki mbili niliyookoa imenitokea puani. Sasa hivi hiyo TV naisikiliza kama redio, simanyi.

FundiMakole:

Pole sana. Na huyo fundi hakukudanganya, kioo kikipasuka hatuna la kufanya, ndio TV yenyewe. Taa za nyuma zikifa tunabadilisha, bodi ya pawa tunatengeneza, kioo hapana. TV kubwa inabebwa imesimama, watu wawili, na haibanwi katikati ya kioo.

Kununua Dar sio dhambi ila nunua kwa mtu atakayeisafirisha kwa jukumu lake na kuiwasha mbele yako hapa. Ukijumlisha hiyo tofauti inabaki ndogo.

PikseliNyeusi:

Nashangaa hakuna aliyeongelea OLED. Kama unataka TV nunua OLED, hayo mengine ni taa za stoo. Kwenye OLED kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo weusi ni weusi kweli. Hizo LED na QLED zote ni LCD zile zile, nyuma kuna taa, QLED wameongezea utando wa kuboresha rangi tu, na Mini LED ni taa ndogo ndogo nyingi zinazopunguzwa kwa makundi. Mimi siwezi kurudi nyuma.

FundiMakole:

Kwenye maelezo upo sahihi kabisa. Kwenye ushauri umemtupa mwenzio shimoni. OLED ya 65 kwa milioni 2 mpya na halali ataipata wapi? Halafu kasema mwenyewe sebule ina jua la jioni, OLED inang'ara gizani ila mbele ya dirisha LED yenye mwanga mkali inaipita. Na nyumba yenye taarifa ya habari na katuni kutwa nzima, ile nembo ya chaneli inayokaa kona moja masaa kumi kila siku, na ule mstari wa habari unaopita chini, baada ya muda vinaweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye OLED. Ukiwa unaishi mwenyewe na muvi zako usiku, sawa, hakuna kama OLED.

MhamiajiNzuguni:

Nimerudi wakuu, mmenifungua macho, hasa wewe dada MamaWawili, dirisha nililiandika mwenyewe na sikuwaza hata kidogo kuwa ndio tatizo.

Nimepima kwa futi kamba. Macho mpaka ukutani ni mita 3.1, sio hatua nne tena. Ukuta wa pembeni una mlango wa korido kwa hiyo siwezi kuhamishia huko, nimekubali pazia. Kwa hesabu ya fundi mita 3.1 inaruhusu 75 kabisa, ila baada ya kuona ya BabaPacha ilikuwa milioni 2.9 nimepoa.

Sasa naombeni mwisho: nikifika dukani naangalia nini? Na kuna mtu ananiuzia "smati Android" jina silijui wala sijawahi kulisikia, inchi 65 kwa laki tisa na nusu. Moyo unanidunda.

SwichiYaUkutani:

Laki tisa na nusu moyo uache kudunda ukimbie. Mimi nilichukua ya hivyo, inchi 50, jina la ajabu ajabu. Boksi limeandikwa 4K kubwa, kuja kuchimbua kioo ni Ful HD, wanachomaanisha ni kwamba inapokea 4K halafu inaipunguza. YouTube inafunguka, Netflix inakataa kwa sababu TV yenyewe haina kibali chao, na Android yake haijawahi kupata sasisho tangu niwe nayo. Bora uchukue TV yenye jina yenye mfumo unaoeleweka. Google TV ina duka la Play, Samsung wana Tizen, LG wana webOS, Hisense nyingi zina VIDAA, hizi tatu za mwisho zina duka lao lenyewe hakuna Play humo, kwa hiyo programu unayoihitaji hakikisha ipo kabla hujalipa. Waambie wakuwekee intaneti ya simu yako hapo hapo uitafute kwa macho yako.

Kuhusu bando: Netflix kwenye HD inaweza kula mpaka giga 3 kwa saa, kwenye 4K giga 7. Usije ukasema hatukukwambia.

FundiMakole:

Dukani nenda na flashi yako. Weka humo picha tupu za rangi moja, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, kijivu, na kipande cha mpira ulichorekodi au kupakua. Rangi tupu zinakuonyesha nukta zilizokufa. Kijivu na kijani ndio muhimu zaidi kwa mtu wa mpira, kwa sababu kamera ikiwa inafuata mpira kutoka goli moja kwenda lingine, kioo chenye madoa utaona uwanja una vivuli vya uchafu ambavyo havitembei, vimesimama tu wakati nyasi zinapita. Ukishaviona mara moja hutaacha kuviona maisha yako yote.

Mpira ukipigwa pasi ndefu angalia kama unabaki duara au unakuwa na mkia. TV za bei yako nyingi ni za 50 na 60Hz, yaani mara ambazo kioo kinabadilisha picha kwa sekunde, ukibahatika kupata ya 120 ni vizuri ila soma vizuri, kuna wanaoandika namba kubwa ya kujitungia kwenye boksi wakati kioo ni cha 60. Alafu sogea pembeni kabisa, pale watoto watakapokaa kwenye mkeka, uone rangi zinavyopauka. Vioo vya IPS vinavumilia pembeni lakini weusi wake ni wa kijivu, vya VA vina weusi mzuri ila pembeni vinapauka. Hakuna cha bure.

Waombe waitoe kwenye hali ya dukani. Nyuma, soma volti na namba ya TV, ifanane na ya kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti. Kama ni ya mtumba iliyotoka Marekani iache, kule ni volti 120 na antena yao ni mfumo mwingine, sisi huku ni 230 na DVB-T2. Risiti ya EFD chukua, sio karatasi ya kuandika kwa kalamu, bila hiyo waranti yako ni hadithi.

Na TV gadi usisahau. Umeme ukikatika ukarudi ghafla unarudi na mkupuo, gadi inasubiri utulie ndio inaruhusu. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikija na radi, chomoa plagi na chomoa waya wa dishi pia. Watu wanachomoa plagi wanaacha dishi, radi inapita kwenye waya wa dishi inaingia kwenye king'amuzi inamalizia kwenye TV kupitia HDMI. Nina TV nne za hivyo hapa ofisini tangu msimu uliopita.

MhamiajiNzuguni:

MREJESHO.

Kwanza nilikata maboksi ya vigae yaliyobaki site nikaunga kwa selotepu, moja sentimita 144 kwa 81, lingine 166 kwa 93, nikayabandika ukutani kwa zamu na kumpigia mama watoto simu ya video. La 75 akasema "hiyo ni TV au ni mlango?". La 65 akanyamaza kidogo, akasema lishushe. Nikashusha. Akasema tena lishushe. Tukaishia katikati ya boksi ni mita 1.05 kutoka chini, nikakumbuka maneno ya dada wa Kisasa.

Nikaenda na flashi. Duka la kwanza kijana alikataa kuchomeka, anasema flashi za nje zinaleta virusi, nikamuaga. La pili wakakubali. 65 ya kwanza waliyowasha nikaweka kijani, kona ya juu kushoto kulikuwa na doa kama la chai kwenye kitambaa cha meza, kubwa kama kiganja. Muuzaji ananiambia "hilo halionekani mzee", nikamwambia sasa mimi na wewe tunaangalia nini? Wakafungua boksi jingine la TV ile ile, toleo lile lile, safi. Kumbe hata kampuni moja vioo vinatofautiana. Jina la kampuni silitaji isionekane natangaza, ni LED ya kawaida yenye mwanga mkali, 60Hz, wameanzia milioni 1.9 tukaishia 1.75 na gadi juu yake.

Kirikuu kaniletea mpaka Nzuguni kwa elfu kumi na tano, imesimama wima katikati ya magodoro mawili mimi mwenyewe nimeishika nyuma huku vumbi linanimaliza.

Sasa aibu yangu. Nimewasha, nimechomeka king'amuzi, picha ni uji mtupu. Nikasema hapa nimepigwa. Kidogo nimtukane mtu humu. Nikazunguka nyuma nikakuta nimehamisha zile zile waya za TV ya zamani, nyekundu, njano na nyeupe. Miaka yote hiyo nalipia kifurushi cha HD naangalia kwa waya za AV! Nikatoa waya wa HDMI uliokuwa bado kwenye nailoni yake ndani ya boksi la king'amuzi, nikaingia kwenye menyu nikakuta picha ipo 576, nikapandisha 1080. Wakuu, nyasi zilibadilika rangi mbele ya macho yangu.

BabaPachaIlazo:

Hongera mkuu. Nitakuuliza baada ya miezi mitatu kama bado unaiona kubwa.

MamaWawiliKisasa:

Hongera kaka. Pazia?

MhamiajiNzuguni:

Dada pazia lipo kwa fundi, jana saa kumi na nusu nimeangalia kipindi cha pili nimetundika shuka la kitanda kwa misumari. Jirani kauliza kama kuna msiba.

Swali dogo la mwisho kwa fundi: soketi ipo chini kulia, waya tatu zinaning'inia kutoka kwenye TV mpaka sakafuni kama mizizi ya mti, na plasta imeshapakwa rangi sitaki kuchimba tena. Nafanyaje?

FundiMakole:

Trunki mkuu, ile ya plastiki nyeupe yenye mfuniko, inauzwa kwa urefu kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Chukua ya upana wa kutosha waya tatu, ipake rangi ya ukuta. Ila braketi imefungwa kwenye tofali la block au nani kakufungia? Hiyo TV ni kilo ishirini na kitu, nitumie picha ya skrubu kwanza.

MhamiajiNzuguni:

Nimefunga mwenyewe.

FundiMakole:

Usilale sebuleni leo. Nakuja kesho asubuhi.